Kila nikimsifu marehemu bibi, mama anakasirika

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mtoto wa Tanga mjini, sasa naishi Dar es Salaam na mume wangu na binti yetu wa miaka saba. Linalonisumbua ni la marehemu bibi, mzaa mama, aliyetutoka mwaka jana, na mama yangu mzazi ambaye siku hizi simu zangu anapokea akijisikia.

Bibi na babu ndio walionilea, Ngamiani. Baba na mama waliachana nikiwa mdogo, mama akaenda Dar kutafuta maisha, mimi nikabaki kwa wazee mpaka nilipomaliza darasa la saba. Somo, nisikufiche, ile ndiyo miaka niliyoishi kwa raha kuliko yote.

Bibi alikuwa akipika vitumbua vya kuuza. Mchele anauloweka mchana, usiku anautwanga, anautia tui, hamira na iliki, anafunika sufuria kwa kanga kuukuu ili unga uumuke. Alfajiri nilikuwa naamshwa na mafuta yanavyolia kwenye chuma. Kitumbua cha kwanza huwa hakitoki vizuri, kinang'ang'ania, ukikigeuza kinachanika ubavu. Hicho kilikuwa changu. Bibi anakikwangua kwa kijiti, anakipuliza, ananitia mdomoni mwenyewe: "Kula, mke mwenzangu, usije ukanishtaki kwa mume wetu kwamba nakunyima."

Mume wetu ndiye babu. Alikuwa ameshastaafu kazi ya korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na sugu za mikononi alikufa nazo. Jioni ananipakia kwenye keria ya baiskeli, tunakwenda Raskazone kutazama meli zilizotia nanga. Kila penye shimo ananiambia, "Mke wangu, jishike," na waliokaa barazani wanatucheka. Kuna siku alinipeleka mpaka Mapango ya Amboni. Kule ndani nilivyoona giza na popo wale, nilimng'ang'ania shati hadi kifungo kikakatika. Bibi alipokuwa akikishona alisema atadai fidia, maana mke mdogo ameshaanza kuharibu mali.

Sasa mwezi ujao ni hitima ya mwaka, nyumbani Tanga. Nikaombwa niseme machache kuhusu bibi, nikaandika barua ndefu yenye mambo hayo na mengine, nikaitupia kwanza kwenye grupu la familia. Binamu zangu wakaniambia wamelia. Mama akaandika: "Huyo mnayemlilia simjui. Wewe ulivila vitumbua, mimi nilivichuuza." Akatoka kwenye grupu.

Nilipompigia akanieleza mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Mama ni kifungua mimba, amezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha. Anasema tangu akiwa darasa la tatu alitembezwa na sinia kabla ya shule na baada ya shule, na hesabu ikipungua alichapwa kwa mwiko. Alipomaliza la saba hakuchaguliwa kuendelea, na hakuna aliyehangaika naye. Akiwa na miaka 16 akaozwa kwa mwanamume asiyemtaka. Mwanamume huyo, Somo, ndiye baba yangu.

Nikampigia mama mdogo, ambaye ni mdogo kwa mama kwa zaidi ya miaka kumi. Akaniambia dada yake ana kinyongo cha siku nyingi, bibi hakuwa hivyo hata kidogo, na maiti hutajwa kwa mema. Mama akazisikia habari hizo, sasa na mdogo wake pia hawasemeshani.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mama huyu aliyenilea kwa ukali nilipomfuata Dar, kwa binti yangu hana sauti. Anampa biskuti kabla ya chakula, na nikimkemea mtoto, naambiwa mimi ndiye sina adabu.

Naomba uniambie, nimwamini nani? Hitima niisome ile barua au niache? Na kuna hili la tatu ambalo nimeona haya hata kumwambia mume wangu: nikimkumbuka bibi sasa hivi pale jikoni, namwona na mama pembeni, mdogo, ana sinia kichwani. Naona nimenyang'anywa kitu.

Mjukuu wa Ngamiani

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu bibi na amrehemu babu.

Nianze na hitima kwa kuwa ndiyo yenye tarehe. Barua ile usiisome. Haina uongo, na kama ungekuwa umeniandikia mimi peke yangu ningeikata kipande nikakiweka. Lakini hitima ni ya watoto wa marehemu kwanza, wajukuu baadaye, na mtoto wake wa kwanza ameshasema, kwa njia aliyoiweza, kwamba hawezi kukaa mkekani akaisikiliza. Jambo lenyewe ni dua. Kisomo kikiisha watu wanakula wanakwenda zao, na bibi yako hatapungukiwa kitu kwa hotuba usiyoitoa.

Ukiona ni lazima useme neno, sema mambo ambayo mama yako pia anaweza kuyatikisia kichwa: kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba watu wa Ngamiani walifungua kinywa kwa mikono yake miaka mingi, kwamba hakuomba mtu. Hayo hata aliyechapwa mwiko hayapingi. Kama yupo atakayeyajua kuliko wote, ni yeye aliyekuwa na sinia.

Sasa, nani mkweli. Wote wawili, na nitakwambia kwa nini nasema hivyo bila kukuona wewe wala wao. Fanya hesabu ya miaka. Mama yako amezaliwa 1967. Mwaka huohuo mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Katikati ya miaka ya sitini nchi hii ilikuwa ikitoa mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, Tanga ikijiona ndiyo yenyewe. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni duniani, bei ikaanguka, na miaka ya sabini na themanini mashamba mengi yalirudi kuwa msitu. Mshahara wa mtu wa korona ulikuwaje hapo, jaza mwenyewe. Halafu vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vikaacha hazina tupu. Mama yako anatembeza sinia katika miaka ambayo sukari ni ya foleni, sabuni ni ya foleni, unga uliopatikana ni ule wa manjano tuliouita yanga. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwakamata wahujumu uchumi, watu wakawa wanaogopa hata kuonekana na gunia la sukari ndani. Mpika vitumbua anaipata wapi? Kwa magendo, kwa bei ya magendo, na roho mkononi.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana Pangani, na nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wakipika vitumbua. Kile cha kwanza, kilichochanika ubavu, kilikuwa na mnunuzi wake. Kiliwekwa pembeni ya sinia, kikauzwa nusu bei kwa watoto waliotumwa na sarafu pungufu. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyekila.

Wewe ulifika kwa bibi katikati ya miaka ya tisini. Ruksa ya Rais Mwinyi ya kufanya biashara ilishaingia tangu katikati ya themanini, sukari iko dukani, mafuta yako dukani, babu amestaafu, watoto wakubwa wameshaondoka, na tumbo la kulishwa pale jikoni limebaki moja, lako. Bibi akawa na kitumbua cha kukupa. Mama mdogo naye, kwa umri ulioutaja, alikuwa bado mdogo miaka ile migumu, na mabaya yalipokwisha yeye ndiyo kwanza anapata akili za kukumbuka. Hasemi uongo. Hakuyaona tu, na hilo halimpi haki ya kusema hayakuwepo.

Kuna na jambo la pili, nalo unalijua kwa sababu umeliandika mwenyewe bila kulitilia maanani. Bibi alikuita mke mwenza, babu akakuita mke. Kwetu pwani mjukuu ni mtani. Anaruhusiwa kumkatia babu kifungo. Mtoto wa kuzaa hana ruhusa hiyo, kwake yeye kuna heshima, adabu na mwiko, na mzazi wa zamani aliyecheka ovyo na wanawe alisemwa na majirani. Kwa hiyo hata kama bibi angetaka kumtania binti yake mkubwa, desturi haikumpa nafasi. Alikuja kuipata kwako. Na usitafute ushahidi mbali, mwangalie mama yako na binti yako na zile biskuti.

Lakini haya yote nimekwambia wewe. Usiende kumwambia mama yako, nakuomba sana. Binti anayemwambia mama yake "maisha yalikuwa magumu wakati ule" anamweleza foleni mtu aliyepanga foleni. Na ukisema "bibi alikuwa hana njia" atasikia kwamba bado unamtetea. Ugumu wa maisha unaeleza mwiko ulitoka wapi, haufuti alama. Wapo waliokuwa maskini vilevile na hawakuchapa. Hili la mama yako kuozwa nalo usilipunguze. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana aolewe na miaka 15 mzazi akiridhia, na ilikuwa hadi 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Maana yake ni kwamba mwaka alioozwa, kwa hoja ya umri, hapakuwa na mlango wa kugonga. Sheria ya umri iko upande wa bibi, mtaa uko upande wa bibi, shangazi na wajomba wanakula pilau. Miaka yote hii mtu wa kwanza aliyemfungulia mdomo ni wewe, tena kwa bahati mbaya, kupitia grupu la WhatsApp, na jibu alilopewa ni kwamba maiti hutajwa kwa mema.

Mambo ya dini mwulizeni shehe wenu, si kazi yangu. Ila kwa akili yangu ya kawaida naona kuna tofauti kati ya kumsengenya marehemu barazani na kumwambia mwanao, kwenye simu, kilichokupata utotoni.

Nadhani pia kuna jambo ambalo mama yako hakulisema. Ile barua yako, Somo ameisoma kwa macho ya mama. Kila mstari una bibi na babu, hauna mama. Yeye yuko Dar anatafuta, labda anapika kwa watu, labda anafua, anatuma pesa za daftari na sare, na mtoto anakua huku akiiita miaka hiyo raha kuliko yote. Umemsifu mtu aliyemchapa, halafu, bila kukusudia, umemwambia kwamba bila yeye ulikuwa na raha. Mimi ningetoka kwenye grupu kabla yake.

Kwa hiyo nenda kwake. Ana kwa ana, usipige simu, na usimchukue mama mdogo wala mumeo. Mtoto unaweza kwenda naye, atawapa kisingizio cha kunyamaza mkizidiwa. Usianze na bibi. Anza na yeye: muulize alivyofika Dar mara ya kwanza alifikia wapi, alikuwa akifanya kazi gani, alikuwa akituma nini Tanga. Mambo hayo hukuniandikia hata neno moja, na nina wasiwasi huyajui. Akifika kwenye yale ya sinia, mwache aseme. Usimkatize ili umsaidie kukumbuka mazuri. Usimwambie "lakini". Ukikosa la kusema, sema, "Mama, sikujua," maana ndiyo kweli, kisha nyamaza. Akilia, usimbembeleze haraka haraka kama mtu anayezima moto. Na asiposema kitu siku hiyo, akakaa akatazama tamthilia, nayo ni sawa, urudi Jumapili nyingine.

Suala la baba yako mwachie yeye alianze. Ukilianza wewe, utamlazimisha akuhakikishie kwamba hajutii kukuzaa, naye hajafika huko. Hilo ni deni lako la kubeba kwa muda, si lake la kulipa leo.

Lile la tatu ulilolionea haya halina aibu. Unasema umenyang'anywa. Sikubaliani nawe. Bibi aliyekutia kitumbua mdomoni alikuwepo, ulikuwa na akili zako, na ulimi wako ulionja. Hakuna mtu anayeweza kurudi nyuma akakitoa. Kilichokupata ni kwamba jikoni pameongezeka mtu. Mwanzoni picha inakuwa nzito, naelewa, na kwa miezi kadhaa unaweza usiifurahie. Lakini jiulize ni bora nini, jiko lenye watu wawili ambalo mama yako hawezi kulitia mguu, au lenye watatu na yeye akiwa na pa kukaa? Mimi nisingehangaika kumwondoa yule mtoto wa sinia. Ningemwacha akae, nikaendelea kumpenda bibi yangu kwa kile alichonipa, bila kumwomba mama ruhusa na bila kumlazimisha aitie sahihi. Aisifuye mvua imemnyea, na anayeilaani pia imemnyea. Hamkuwa nje wakati mmoja.

Barua usiichane. Iandike tena ukiwa na nafasi, uongeze aliyokueleza mama kama atakuruhusu, umwekee binti yako. Atakapokuwa mkubwa atataka kujua kwa nini bibi yake wa biskuti huwa anazihesabu sarafu mara mbili, kama huhesabu, na waliochuuza wengi wao huhesabu.

Mama mdogo nitakuachia kidogo tu. Usimpelekee maneno ya dada yake na usimletee dada yake maneno yake, umeshafanya hivyo mara moja na umeona yaliyotokea. Mwambie kwa upole, "Mama mdogo, wewe ulizaliwa nyuma, mwache dada aseme ya mbele." Akikasirika, atakasirika. Ni mtu mzima.

Siku ya hitima mama yako anaweza asije. Msimwandame kwa simu, na wewe usisimame kumtetea mbele za watu akisemwa, utamfanya mjadala. Sema anaumwa miguu, basi. Na mmoja wenu asije akajifanya mpatanishi akamrudisha kwenye grupu bila kumuuliza, maana akitoka mara ya pili atakuwa ametoka mbele ya ukoo mzima.

Somo